Kuba la Maua ya Karatasi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni siku moja ya mvua niliposimama juu ya ngazi za nyumba yetu pale mtaa wa Langoni, wasichana wenzangu wako nyuma yangu, sote tumeshika kuba la maua ya karatasi lililokataa kupita. Arusi ilikuwa alasiri ile ile. Jana nimekuona wewe na wenzako mmekaa ukumbini mnakata karatasi za zawadi ya rafiki yenu, mnacheka mpaka majirani wanasikia, na moyo wangu ukaruka kama ulivyoruka zamani. Kwa hiyo weka mkasi chini kidogo, bibi yako nikusimulie.

Zama hizo, kabla ya ile vita ya Wajerumani, msichana wa Amu, Lamu yetu hii, akianza kukua hakuonekana tena nje. Ukiwa mdogo unakwenda chuoni na juzuu yako kichwani, unapita ndiani unapiga kelele utakavyo, kisha siku moja unaambiwa basi, sasa ukae ndani. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeambiwa basi. Dunia yangu ikawa chumba cha juu, kiwanda cha chini, ule ua wenye kisima, na dirisha dogo ambalo ukichungulia unaona vilemba vya watu tu.

Tulikuwa na wikio, lakini. Siku hizi yamebaki machache, huenda hujaingia hata moja. Ni kile chumba chembamba kinachokatiza juu ya ndia, kinashikanisha nyumba hii na ile ya pili, ili wanawake wapite kwa jamaa zao bila kushuka mbele ya watu. Wikio letu lilikwenda nyumbani kwa mama mkubwa, Bi Maryamu, dada wa tumbo moja na mamangu. Babu aliwajengea binti zake nyumba mbili zikitazamana, akaziunga kwa juu. Mwanaesha, binti wa mama mkubwa, alikuwa akipita hapo kila asubuhi kuja kunisuka, na mkate wa mofa wa moto ameukunja kwenye kanga. Alinizidi umri kidogo, na kwangu alikuwa ndiye mtu mzuri kuliko watu wote wa Amu.

Ndipo bibi yetu akafa. Alifia kwetu, ghafla, siku ambayo mama mkubwa alikuwa Kipungani kwa wakwe zake. Akapelekewa habari, akashika ndia, lakini alipofika maiti alikuwa ameshazikwa na watu wameshakaa matangani. Alisimama katikati ya wanawake akamwambia mamangu, "Umemzika mama bila mimi." Mamangu akageuka akaingia chumba cha ndani. Matanga yalipoanuliwa, mama mkubwa alitia komeo mlango wa wikio wa upande wake, na mamangu akatia komeo wa upande wetu. Toka hapo, kwa miaka miwili na zaidi, Mwanaesha nikawa namsikia tu. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye mlango wa wikio, namsikia akiimba anapofagia, namsikia akikohoa, na hatua hazifiki ishirini baina yetu.

Sasa nikwambie habari za Bi Barke. Huyu alikuwa mjane aliyekaa Mombasa na mumewe, fundi cherehani, na huko majirani zake wa Kihindi wakamfundisha kufanya maua ya karatasi. Mume alipokufa akarudi kwao Amu, mwembamba, mrefu, hana mtoto, na vidole vyake havijui kukaa bure. Alitukusanya wasichana tuliotawishwa, tuliowekwa ndani, kila baada ya sala ya alasiri, akatufundisha. Hakutaka malipo. Mmoja alileta unga wa ngano wa kupikia gundi, mwingine uzi, mwingine njukuti za mnazi, yaani chelewa, za kufanyia vikonyo. Karatasi nyepesi za rangi zilitoka kwa Banyani wa sokoni, nazo zilipokwisha tulichukua karatasi nyeupe zilizofungiwa sukari, tukazitia manjano, tukazitia nili ya kufulia, tukazianika juu kwenye paa.

Sijui nikwambieje furaha ile, mwanangu. Fikiria umefungiwa, huoni mtu, kisha alasiri ikifika ngazi zinaanza kulia, wanapanda wasichana mmoja mmoja wakivua mabuibui, na chumba chote kinajaa rangi. Bi Barke alitufundisha kukata jani la waridi, kulipitisha juu ya mgongo wa kisu mpaka ukingo ujikunje wenyewe kama jani la kweli, kisha kulizungusha kwenye ujukuti, jani juu ya jani, na kufunga kwa uzi chini. Waridi langu la kwanza lilikuwa kama kitunguu kilichokanyagwa. La Nafisa lilikuwa baya zaidi, lakini yeye alilivaa sikioni akatembea nalo chumbani kwa maringo, tukacheka mpaka Bi Barke mwenyewe akageuka ukutani ili tusimwone. Nafisa alikuwa binti wa muuza nazi, ana sauti ya kuita watu kutoka Shela, na kila siku alikwenda kwao na gundi puani.

Mwanzo tulikuwa tukikutana nyumbani kwa Bi Barke, tukipelekwa na watu wazima, tumejifunika mabuibui. Lakini mvua za mwaka huo zilimvujia, akaita mafundi wabadilishe boriti, na pakawa hapakaliki. Akaja kwa mamangu kuomba chumba chetu cha juu. Mamangu alinitazama nilivyokuwa nikimwomba kwa macho, akakubali.

Tulipohamia ndipo Bi Barke akatwambia kazi mpya. Kila aliyekuwa bibi arusi mjini mwezi ule tungemfanyia kitu, na wa kwanza ni Mwanaesha. Alikuwa anaolewa na kijana wa Kiunga, na baada ya fungate angempeleka huko kwao. Bi Barke alisema tutamfanyia kuba, kitu ambacho Amu hakijaonekana: dari ya mviringo ya maua ya kutundikwa juu ya kiti chake siku wanawake wanapokuja kumtazama. Wasichana walishangilia. Mimi nilimtazama mamangu. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Aliliweka chini polepole, akasema kwamba maua yafanywe, nyumba ni ya Bi Barke maadamu amekaribishwa, lakini yeye hatatia mguu katika arusi ile, wala mimi. Kisha akashuka.

Nilifanya maua yale kwa hasira na mapenzi pamoja. Ikiwa sitamwona Mwanaesha katika siku yake, basi nilitaka akiinua macho aone mikono yangu iko juu ya kichwa chake. Tulifunga fito nyepesi zikawa duara, tukapitisha nyingine juu zikainama zikakutana, tukalala chini yake kama kuku kwenye tenga kujaribu ukubwa. Bi Barke akatwambia, "Tanueni kidogo. Bibi arusi ana somo wake wa kumfunda pembeni, naye afunikwe." Tukatanua. Kisha maua: waridi pembeni, asumini zikining'inia kwenye nyuzi, majani ya kijani kufunika fito. Kila alasiri kuba lilizidi kunenepa na sisi tulizidi kupiga kelele.

Siku moja mamangu aliingia kuchukua kitu sandukuni. Akasimama akitazama asumini zangu. Akasema ninazifunga chini mno, zitakatika. Akakaa mkekani kunionyesha. Hakuinuka mpaka magharibi ikaadhiniwa, na kesho yake alikuja tena bila kuitwa. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sote. Hakutaja ni za nani, wala sisi hatukutaja.

Basi ikafika siku yenyewe. Kulikucha mvua, ile mvua ya Amu isiyo na haraka, inayonyesha kama haina pengine pa kwenda. Tulikusanyika asubuhi, tukaliinua kuba pande zote, tukatoka nalo mpaka juu ya ngazi. Likakwama. Tukaligeuza upande, likakwama. Ngazi zetu zilikuwa nyembamba na zina kona katikati, mtu mnene alishuka kwa ubavu, na sisi tulikuwa tumefanya kitu kipana kama kitanda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza ngazi. Nafisa akasema tulipandishe juu ya paa, tulishushe kwa kamba mpaka ndiani. Tukatazama mvua, tukatazama karatasi, tukaliacha shauri hilo. Mwingine akasema tulikate vipande viwili tukaliunge huko. Maua yalikuwa yameshagandana na nyuzi zimepitana, ukikata pamoja unafumua pote. Wasichana wawili walianza kulia.

Kila mtu akajua kuna mlango mmoja tu uliobaki, na hakuna aliyethubutu kuutazama.

Mamangu alikuwa pale. Mimi damu ikanipanda. Mbele ya watoto wa watu nikamgeukia nikamwambia kwamba ugomvi ni wake na dada yake, sisi hatuna habari nao, na kwamba anamharibia Mwanaesha siku yake kwa sababu ya maiti aliyekwisha pumzika. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa sauti kubwa.

Bi Barke alinishika bega. Hakunipiga. Aliniambia, "Kaa chini. Mama yako hasemezwi hivyo, na haki ikiwa yako ndiyo kabisa usiiseme hivyo." Nikakaa, uso unaniwaka. Niliona mamangu amejifunga kama chaza, na ningeachiwa niendelee asingefungua mlango ule mpaka kiama.

Kisha Bi Barke akamwendea mamangu, akasimama karibu naye kama mtu anayeomba chumvi. Hakutaja dada, hakutaja bibi, hakutaja arusi. Alisema, "Bi Rukiya, karatasi hii haikukosana na mtu. Tushikie upande huu, mikono ya watoto imechoka."

Mamangu alitazama asumini zake. Akashika. Na alipokwisha kushika, yeye ndiye aliyekuwa mbele, na sote tukamfuata alikoelekea, naye akaelekea wikioni.

Aliliondoa komeo kwa mkono mmoja. Mlango ulilia. Ndani mlikuwa na vumbi na mikeka ya zamani, na mvua ikirushwa na upepo ikiingia kwenye vidirisha vya pembeni. Tukaingia, tukasogea taratibu, kuba likisugua kuta. Tukafika mlango wa pili, uliofungwa kwa upande wa ndani. Ng'ambo kulikuwa na vigelegele na vyombo na wanawake wakiitana. Nafisa akabisha. Hakuna aliyesikia. Akapiga ukelele wake wa kuita Shela, wapi. Matone yalikuwa yameanza kuliangukia kuba, na waridi moja jekundu likachuruza rangi kama linatoa damu.

Mamangu akasogea. Akapiga mlango kwa kiganja.

"Dada," aliita. Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwangu, ilikuwa ya mtoto. "Dada Maryamu. Ni mimi, Rukiya. Fungua, karatasi zitarowa."

Ng'ambo nikasikia hatua zikija. Niliona mkono wa mamangu umebaki palepale kwenye ubao, haujui urudi au usirudi. Kisha komeo likasogea.

Mama mkubwa alikuwa amevaa nguo za arusi, mikono imejaa hina, midomo myekundu kwa tambuu. Alimtazama mamangu. Akalitazama kuba. Akatutazama sisi, vichwa vimejipanga katikati ya maua.

"La nani hili?" aliuliza.

"La mwanao."

"Limefanywa wapi?"

"Kwangu."

Mama mkubwa akaingia chini ya kuba, akashika ufito wa mbele, akasema, "Rukiya, inua upande wako, linagusa chini."

Na hapo, mwanangu, ndipo waliposemezana. Usidhani kwamba walilia. Waligombana. Mmoja akisema lilalie kushoto, mwenziwe akisema huoni mwimo huo wa mlango, mmoja akisema umezoea kuvuta, mwenziwe akisema na wewe umezoea kuamuru. Uzi mmoja wa asumini ukakatika, na wote wawili wakamkemea Nafisa kwa pamoja, kwa maneno yale yale, kama waliopanga. Wanawake wa ndani wakaja kutazama, wakashika, tukapita. Vigelegele vilivyopigwa hapo naamini vilisikika mpaka forodhani.

Lilipotundikwa, mamangu alipangusa mikono akageuka kuondoka. Mama mkubwa akamuuliza anakwenda wapi. Mamangu akajibu kwamba yeye hakualikwa.

"Mama mdogo wa bibi arusi hualikwa na nani?" akasema mama mkubwa.

Mamangu alisimama. Wanawake wote ghafla wakawa na shughuli, huyu anakunja nguo iliyokwisha kunjwa, huyu anatafuta kitu asichokipoteza. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Mamangu alisema taratibu, bila kuinua uso, "Nilikungoja, dada. Nilisimama mlangoni nikawazuia wanaume wasimtoe mama. Nikawaambia Maryamu yuko ndiani, anakuja. Nilimshika mguu baba akanitoa. Ilipofika alasiri wakamchukua."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa umeshahukumu. Mbele ya watu wote."

Mama mkubwa alikaa kitako pale pale, na nguo zake za arusi, juu ya sakafu tupu. Alimvuta mamangu mkono, mkono wenye gundi ya ngano iliyokauka vidoleni, akauweka usoni mwake. Hapo sasa walilia, na nikaona aibu kutazama nikakimbia kumtafuta Mwanaesha.

Nilimkuta chumba cha ndani, anafukizwa udi, haruhusiwi kucheka wala kusogea. Aliponiona akasahau yote hayo. Alinikumbatia mpaka somo wake akapiga makelele kwamba hina inaharibika. Alasiri ile alikaa chini ya kuba, macho ameyafumba kama ilivyo ada, na mji mzima wa wanawake ukapanda ngazi kuja kumtazama. Walimsifu yeye, kisha wakainua nyuso wakalisifu kuba, wakauliza limefanywa na nani. Nafisa aliwajibu wote, wa karibu na wa mbali. Mimi nilikaa miguuni pa Mwanaesha, na hakuna mtu aliyenitoa.

Miaka mingi baadaye, Bi Barke alipokuwa mzee, nilimuuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba kuba halingepita ngazini. Maana yeye alikuwa mtu wa kupima kila kitu, hakati karatasi bila kupima mara mbili, na ndiye aliyetwambia tanueni. Aliniangalia, akaniambia nimsogezee uzi. Sikupata jibu jingine mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hili ndilo nililokuitia.

Nimesikia kwamba wewe na wenzako mna rafiki mliyemtenga, na kwamba mmekuwa mkimtumia maneno kwamba akubali makosa yake ndipo mtamkaribisha. Huenda kweli amekosa. Hata mimi siku ile juu ya ngazi nilikuwa na haki, lakini niliisema kwa namna ya kumwaibisha mtu, na mtu ukimwaibisha hujikunja akafunga zaidi. Mtu aliyekosana nawe usimwite aje kuhukumiwa. Mwite aje ashike upande wa pili wa kazi. Mpe karatasi akate, mpe uzi afunge, muulize gundi imekolea au bado. Mikono ikishazoeana, ulimi utapata njia yake wenyewe. Na kabla hujamwambia mtu "umefanya", muulize kwanza "ilikuwaje". Dada wawili waliokaa nyumba zinazogusana walikosa swali hilo moja, wakapoteza miaka ambayo hawakurudishiwa.

Na zawadi ya mkono, fanya kwa mkono wako hasa, na ifanyeni wengi. Cha kununua kinatoka dukani kimenyamaza. Hiki chenu kina vicheko ndani yake, na kina gundi ya pua ya mtu.

Basi nenda. Chukua mkasi wako, na ukipita kwa yule rafiki yenu mliyemtenga mwambie bibi yako amesema mnapungukiwa na mtu wa kukunja majani. Mungu akujaalie mikono myepesi na kifua kipana. Akupe wenzio wa kucheka nao mpaka majirani waudhike, na kila mlango utakaobisha kwa wema akufungulie. Amin, mwanangu. Amin.